Pikipiki ikipita kwa kasi: polisi aikimbize, aizuie mbele, au aifuate kwa namba?

Hudhuria mkutano wa mtaa wowote ulio kando ya barabara kuu, hoja ya bodaboda haikosi. Mama mmoja atasimama kueleza jinsi mwanawe alivyokoswakoswa akitoka shule, na atataka kujua polisi wako wapi, mbona hawawakimbizi hawa vijana. Kabla hajakaa vizuri, mzee mwingine atainuka kukumbusha habari za kijana wa jirani aliyevunjika mguu siku alipofukuzwa na difenda ya polisi hadi mtaroni. Wote wawili wanasema kweli, na mwenyekiti anabaki na kalamu mkononi, hajui aandike azimio gani.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mwenyekiti huyo, polisi kata anayekaa pembeni yake, viongozi wa vijiwe vya bodaboda, na mzazi yeyote anayetaka kusema neno la maana hoja ikifika kwake. Njia ninazolinganisha ni tatu: kumkimbiza anayekwenda kasi, kumzuia mbele ya safari, na kumwacha apite kisha kumfuata kwa namba ya pikipiki. Mazingira ninayoyafikiria ni ya Tanzania, ila London, Sacramento, Queensland na New Zealand nazo zimehangaika na swali hilihili, na yaliyowapata yanatuhusu.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni uhai, na hapa tuwahesabu wote: dereva, abiria aliyepakiwa, mtembea kwa miguu, mama anayeuza mboga pembeni, na askari mwenyewe. Cha pili, je, mkosaji atapatikana kweli? Cha tatu ni gharama, maana yake askari, mafuta, vifaa na mafunzo. Cha nne ni haki: njia hii inaacha nafasi gani ya kuonea mtu au kudai chochote cha mfukoni? Cha mwisho ni fundisho, yaani madereva wengine wakiona kilichotokea watapunguza mwendo, au watajifunza tu kukimbia vizuri zaidi?

Niseme mapema kwamba mimi nakipa uzito mkubwa kigezo cha kwanza, hasa upande wa abiria. Dereva ndiye aliyeamua kukimbia. Abiria alilipa nauli afike kazini, hakuulizwa.

Kwanza, anakimbia nini?

Swali hili hurukwa, na likirukwa mjadala wote unakwenda kombo. Wengi huchukulia kwamba anayemkimbia askari ana jambo zito analificha. Wapo wa namna hiyo. Lakini kaa kijiweni asubuhi moja usikilize mazungumzo yao. Madereva wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wanapeleka hesabu kwa bosi kila jioni, mjini kwa kawaida kati ya shilingi elfu saba na elfu kumi, au wako kwenye mkataba wa kuilipia kidogo kidogo hadi iwe yao. Mafuta ni juu ya dereva, pancha juu yake, faini juu yake.

Zamani kosa moja la barabarani lilimgharimu shilingi 30,000, sawa na mwenye lori. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliishusha faini ya pikipiki na bajaji hadi 10,000. Ilikuwa nafuu kubwa, lakini bado ni hesabu ya siku nzima. Na kinachomtisha kuliko faini ni pikipiki kulala kituoni. Ikikaa uani pale siku tatu, bosi anasubiri hesabu ya siku tatu ambazo kijana hakuingiza hata mia.

Mwongezee leseni ambayo hana, bima iliyokwisha mwezi uliopita, na mishikaki ya abiria wawili nyuma. Uamuzi wa kukata kona kuingia uchochoroni anaufanya ndani ya sekunde moja. Hayo hayamsafishi hata kidogo, kwa sababu mwendo kasi unaua hata anayeendesha akiwa na shida za kweli. Ila yanatulazimisha kukubali kwamba kukimbia peke yake hakuthibitishi ujambazi, na kwamba askari anayeanzisha mbio mara nyingi hajui bado anamkimbiza nani.

Njia ya kwanza: kumkimbiza

Uhai. Hapa ndipo njia hii inapolemewa, na inafaa tuangalie kwa karibu. Anayekimbizwa hutazama nyuma. Bodaboda wengi wameng'oa vioo vya pembeni kwa sababu vinakwama kwenye foleni, kwa hiyo ili amwone askari inabidi ageuze shingo. Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa pikipiki inakula mita 22 kila sekunde. Akigeuka kwa sekunde moja tu, mita 22 za barabara zimepita bila mtu kuzitazama, na katika mita hizo huweza kuwepo mtoto, tuta, au daladala inayochomoka kituoni. Kutoka kilometa 50 hadi 80 kwa saa, nguvu ya kugonga huzidi mara mbili na nusu. Yule aliyekuwa akienda 60 kabla ya kumwona askari sasa anakwenda 90, na askari naye nyuma yake vilevile.

Mei 1990, mjini Sacramento, California, pikipiki iliyobeba vijana wawili ilipita kwa kasi mbele ya polisi. Aliyeendesha alikuwa na miaka 18, aliyepakiwa 16. Dereva akakataa kusimama, gari la polisi likawafuata. Mbio zilidumu sekunde 75, kilometa mbili hivi katikati ya makazi ya watu, mwendo ukafika kilometa 160 kwa saa. Magari mawili na baiskeli moja vililazimika kuwapisha. Pikipiki ilianguka, gari la polisi likafunga breki lakini halikuwahi, likamgonga yule wa miaka 16 akafa. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1998 ilisema askari hakuvunja haki ya kikatiba ya marehemu, kwa kuwa hakukusudia kumdhuru. Kisheria ikaishia hapo. Mimi kinachonikaa ni zile sekunde 75, na kwamba aliyekufa ndiye ambaye hakushika usukani.

Wengine hujibu kwamba kufuata kwa mbali si kukimbiza. Desemba 2014 kijana wa miaka 18 alikufa Islington, London, akiwa kwenye skuta huku magari mawili ya polisi yasiyo na alama yakiwa nyuma yake. Askari walishikilia kwamba hawakuwa wakimkimbiza. Katika uchunguzi wa kifo uliofanyika mwaka 2016, wazee wa baraza waliamua kwamba zile zilikuwa mbio. Kwa aliye mbele, gari la polisi likishikilia nyuma yake ni mbio tayari, liwe limewasha king'ora au halikuwasha.

Kumpata mkosaji. Hapa lazima tuipe njia hii haki yake. Ikifanikiwa, umemkamata mtu mwenyewe, saa ileile, na pikipiki ileile. Hakuna ubishi wa nani aliyekuwa akiendesha, hakuna kadi ya pikipiki yenye jina la mtu aliyehamia mkoa mwingine. Kwa vishandu, kama wanavyoitwa Arusha hao wanaopora mikoba wakiwa juu ya pikipiki, hii inaweza kuwa nafasi pekee, kwa sababu namba waliyobandika huenda ni ya wizi. Tatizo ni mitaa yetu. Difenda haipiti kwenye uchochoro wa upana wa mlango, pikipiki inapita.

Gharama. Kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu ukiondoa mafuta kuna mafunzo. Askari anayekimbiza pikipiki bila kufundishwa yumo hatarini sawa na anayemkimbiza. Dar es Salaam ina hatari yake nyingine: bodaboda aliyebanwa akaingia njia ya mabasi ya mwendokasi anakutana uso kwa uso na basi refu lisilo na pa kukwepea.

Haki. Mbio hupandisha hasira pande zote mbili. Kinachotokea dakika ya kwanza baada ya mtu kudakwa akihema, mbele ya umati ambao tayari unapiga kelele, mara nyingi ni kipigo, na kipigo hakimo kwenye orodha ya adhabu za Sheria ya Usalama Barabarani.

Fundisho. London walionja pande zote mbili. Kufikia mwaka 2017 uporaji wa simu na mikoba kwa kutumia skuta ulikuwa umefurika, na baadhi ya waporaji walivua helmeti makusudi wakiamini polisi hawatathubutu kumfukuza mtu aliye kichwa wazi. Polisi wa jiji hilo wakaanza kutumia madereva waliofunzwa maalumu kuigusa skuta kwa gari ili kuiangusha. Katika miezi kumi ya kwanza ya 2018 matukio yalipungua kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mbio pekee hazikufanya kazi yote, kwani walitumia pia dawa ya kupulizia inayoacha alama kwenye nguo na ngozi ya mhalifu, na misumari ya kutoboa matairi. Hata hivyo ujumbe ulifika. Mwaka 2022 Uingereza ikatunga sheria mpya ya kupima uendeshaji wa askari waliofunzwa kwa kiwango cha mafunzo yao, badala ya kiwango cha dereva wa kawaida. Lakini tusisahau kwamba waliolengwa walikuwa waporaji. Mwendo kasi pekee ni habari nyingine.

Inafaa kwa nani: kituo chenye askari wa pikipiki waliofunzwa, redio inayofanya kazi, na msimamizi mwenye mamlaka ya kusema "acha", tena pale ambapo mtu anayekimbia ni hatari kubwa kuliko mbio zenyewe.

Njia ya pili: kumzuia mbele

Uhai. Kila kitu kinategemea kizuizi kimewekwaje. Kizuizi cha haki kinaonekana kwa mbali: koni, taa usiku, askari wa kwanza mwenye fulana inayong'aa akiashiria mapema, na nafasi ya kutosha ya kupunguza mwendo na kusogea pembeni. Hakiwekwi baada ya kona wala mwisho wa mteremko. Kuna kile kingine tunachokijua, cha askari kuchomoka nyuma ya kibanda cha chipsi na rungu mkononi, au gogo kusukumwa barabarani ghafla. Hicho ni mtego na sikihesabu humu, kwa kuwa kinaua kama mbio na hakina hata king'ora cha kumwonya mtu.

Kumpata mkosaji. Kwenye barabara kuu zenye michepuko michache, redio ya upepo hufanya kazi ambayo gari haliwezi. Pikipiki iliyopita Chalinze kwa fujo ikielekea Morogoro haina njia nyingi za kupotelea, na askari wa mbele ana muda wa kujipanga. Mjini hali inageuka. Kizuizi kikiwekwa saa mbili asubuhi, ndani ya dakika chache makundi ya WhatsApp ya vijiwe yameshapashana habari, na wenye magari wanawashiana taa kama wanavyofanya kwenye tochi, yaani vipima mwendo vya polisi. Atakayenaswa ni mgeni wa njia.

Gharama. Inahitaji askari kadhaa kwa saa nyingi mahali pamoja. Kituo chenye askari wachache hakiwezi kufanya hivi kila siku.

Haki. Kuna jambo zuri: wote wanasimamishwa, hakuna wa kulengwa. Na hapo hapo askari anakagua leseni, bima na kofia ngumu, yaani anagusa mambo yanayookoa maisha hata ya yule ambaye hakuwa akienda kasi. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mwendesha pikipiki anayepata ajali kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kigali utaona dereva na abiria wake wote wawili wamevaa. Kwetu ya abiria mara nyingi inaning'inia kwenye usukani. Upande wa pili, mahali ambapo askari mmoja anaongea na dereva mmoja mmoja, chini ya mti, bila risiti, ndipo hela ya maji inapozaliwa. Kizuizi kinachotoa namba ya malipo kwenye mashine na kisichopokea fedha taslimu hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kikubwa.

Fundisho. Huisha koni zikiondolewa. Madereva hupunguza kabla na kuongeza baada. Kizuizi kinachobadili siku na mahali hufundisha zaidi ya kile ambacho kila mtu anajua kipo darajani kila Ijumaa.

Inafaa kwa nani: wilaya zinazopitiwa na barabara kuu, na maeneo yenye mwendo kasi wa saa maalumu, mfano wakati wa kutoka disko au siku za mnada.

Njia ya tatu: kumwacha apite, kisha namba

Uhai. Hakuna njia salama kuliko hii kwa dakika zile za mwanzo. Askari ananakili namba, anapiga picha akiweza, anatoa taarifa, na barabara inabaki na mkimbiaji mmoja badala ya wawili. Lakini tuseme na upande wake mchungu: ikiwa dereva amelewa na anayumba kuelekea geti la shule, kumwandikia deni la kulipwa wiki ijayo hakumlindi mtoto anayevuka sasa hivi.

Kumpata mkosaji. Pikipiki ya Tanzania ina namba inayoanza na MC, imesajiliwa TRA, na kosa likiingizwa kwenye mfumo wa polisi deni linakaa kwenye namba hiyo hadi lilipwe. Kwenye karatasi mambo ni safi. Barabarani utakuta namba imekunjwa kwenda juu, imepakwa tope, au haipo kabisa. Utakuta kadi bado ina jina la mwenye pikipiki wa kwanza, ilhali imeshauzwa mara tatu kwa maandishi ya mkono tu. Utakuta siku ile aliyekuwa juu yake alikuwa deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku moja.

Hata hivyo tuna kitu ambacho nchi nyingi hazina, nacho ni kijiwe. Kijiwe kina mwenyekiti, katibu, na mara nyingi daftari la wanachama. Polisi kata anayeheshimiana na viongozi hao anaweza kupiga simu moja jioni akamjua aliyepita kwa fujo saa nane mchana, kwa sababu pale kila mtu anajua nani anaendesha ipi. Natamani mikutano ya mitaa ingetumia nusu ya muda inaotumia kulalamikia bodaboda kujenga uhusiano huu.

Gharama. Ndogo kuliko zote kwa siku, kubwa mwanzoni. Inadai kadi zibadilishwe majina, kumbukumbu ziwe sahihi, na askari wawe na kamera na nidhamu ya kufuatilia. Namba zikibaki daftarini bila mtu wa kuzifanyia kazi, mkosaji anakuwa ameachwa tu.

Haki. Anayedaiwa ni mwenye pikipiki, aliyekosa ni dereva. Bosi atalipa na kumkata kijana, sawa, lakini je, kama kijana ameshaondoka? Na namba iliyosomwa vibaya humpelekea deni mtu ambaye hajawahi kukanyaga mji huo. Jimbo la Queensland, Australia, lililobana sana mbio za polisi tangu mwisho wa 2011, lilijibu sehemu ya tatizo hili kwa kumpa mwenye chombo wajibu wa kisheria wa kutaja aliyekuwa akiendesha siku mtu alipokataa kusimama. Asiyetaja huweza kubebeshwa kosa yeye. Kwetu sheria ya namna hiyo ingehitaji kwanza kadi zenye majina ya kweli, na picha inayoambatana na deni.

Fundisho. Hapa wanaoitetea njia hii wasikwepe ukweli. Desemba 2020 polisi wa New Zealand walibana masharti ya kukimbiza magari. Matukio ya madereva kukataa kusimama yakaongezeka sana, kwani habari ilienea kuwa ukikanyaga mafuta hutafuatwa. Mwaka 2023 wakalegeza masharti, askari wakapewa uhuru zaidi wa kuamua. Kumwacha mtu apite bila kumfuata baadaye ni kumfundisha kukimbia. Kunakofundisha ni kule ambako bosi anapigiwa simu usiku uleule, deni linasoma kwenye simu yake, na kesho yake pikipiki haitoki mpaka mambo yaishe.

Inafaa kwa nani: mitaa yenye msongamano, vichochoro na masoko, na popote ambapo vijiwe vimesajiliwa na viongozi wake wanapokea simu.

Kuhusu matuta na tochi

Vitu hivi havishindani na njia tatu hizi, vinazipunguzia kazi. Tuta lililochorwa vizuri mbele ya shule linafanya kazi saa 24, haliombi chochote na halimkimbizi mtu. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali inayoua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Kwa hiyo mtaa ambao tatizo lake liko kwenye mita mia mbili zinazojulikana uanze na wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kabla haujafika polisi.

Uamuzi kulingana na hali

Kosa ni mwendo tu, mchana, watu wamejaa barabarani. Namba. Sioni hoja ya kuanzisha mbio sokoni kwa kosa la shilingi 10,000. Kama namba haikusomeka, mtafuteni kupitia kijiwe, na mpangeni kizuizi cha haki siku nyingine saa ileile, maana mpita kwa fujo ana mazoea.

Amebeba abiria. Mbio zisiwepo, na kama zilishaanza zisitishwe mara abiria anapoonekana. Akiwa mtoto wa shule, ambao asubuhi hupakiwa watatu watatu, hata kusogea karibu kwa king'ora ni hatari. Kinachobaki hapo ni namba, na simu kwa mwenyekiti wa kijiwe.

Amepora au amejeruhi mtu kwa makusudi na bado anaonekana. Hapa kumkimbiza kuna hoja, kwa askari aliyefunzwa, kwenye barabara ambayo si ya msongamano, redio ikiwa imeshaita walio mbele. Njia ya kwanza na ya pili zinafanya kazi pamoja: wa nyuma anaeleza alipo, wa mbele wanajipanga. Kwa raia wenye pikipiki zao ushauri ni tofauti, wasiingie kwenye mbio hizo. Zimeshawahi kuishia kwa kumchoma moto mtu ambaye hakuwa mwizi.

Amegonga na kukimbia. Aliyelala barabarani kwanza. Askari akiwa peke yake, kazi yake ni kuokoa majeruhi na kupata mashahidi. Namba, rangi ya pikipiki na uelekeo vitatosha kuanzia.

Amelewa, anayumba. Hili ndilo gumu kuliko yote, na sina jibu la mkato. Hatari haikomi askari akisimama, lakini akimsogelea sana inaongezeka. Ninachoona kina nafuu ni kumfuata kwa mbali taa zikiwa zimewashwa ili wengine wapishe, bila kumbana, huku kizuizi kikiandaliwa mbele mahali pa wazi.

Wanapiga ligi usiku, yaani wanashindana mbio, au msafara wa msiba. Wakati wa mazishi ya mwenzao bodaboda huenda makumi kwa pamoja, honi juu, wengine wakisimama kwenye viti. Kukimbiza kundi ni kulitawanya kila upande kwa kasi. Msafara wa msiba una viongozi wanaojulikana tangu jana yake, kwa hiyo polisi kata azungumze nao kabla na apange askari wa kuuongoza. Wa ligi wana barabara yao na saa zao. Kizuizi chenye taa mwanzo na mwisho wa kipande hicho, kabla hawajaanza, kinawafaa zaidi.

Barabara kuu nje ya mji. Redio na kizuizi, mchana kuliko usiku. Usiku kizuizi kisicho na taa za kutosha kiahirishwe.

Mwenyekiti anayeandika azimio la kuruhusu mbio katika hali yoyote kati ya hizi aongeze mistari miwili. Wa kwanza uombe kituo kitaje ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru mbio zisitishwe, na anapatikana kwa redio au simu gani saa nane za usiku. Wa pili uombe kila mbio zilizofanyika kwenye kata ziletwe kwenye mkutano wa robo mwaka: zilianza kwa kosa gani, ziliishia wapi, na nani aliumia.